Hata Ikinukia Embe

 

Ndugu Waislamu, baada ya darsa hapa Masumbwe alibaki nyuma kijana mmoja, mhudumu wa mezani katika hoteli ya wageni wa migodini. Huletwa hapo bia za makopo ziitwazo IPA, zenye ukungu mfano wa maji ya embe, naye hutakiwa kuzionja ili awaeleze wageni: hii ina pasheni, hii ina nanasi. Huonja kisha akatema. Akaniuliza, "Ustadhi, juisi hii nayo ni khamri?"

Tuijue kwanza hiyo "juisi". Mtindo wake ulianzia jimbo la Vermont, Marekani, na umeenea duniani katika miaka hii ya 2000. Ukungu wake aghalabu hutokana na nafaka, kama ngano na oti, wala si na tunda. Harufu ya embe nayo mara nyingi haina embe ndani yake. Ni maua ya mmea uitwao hopsi, yatiwayo kwa wingi. Na pale linapotiwa tunda la kweli, sukari yake yaweza kuchachuka, nayo ikawa kilevi. Nyingi hufikia asilimia 6 hadi 7, na zingine hupita hapo, ilhali bia nyingi za chupa tunazozijua ni karibu 5. Tunda halikuupunguza ulevi, limeuficha tu.

Hukumu yake ni ya zamani. Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya bit'i, kinywaji cha asali, na mizri, kinywaji cha shayiri. Akajibiwa kwamba kila chenye kulevya ni haramu (Bukhari na Muslim). Na alipoulizwa juu ya mizri ya mtama, kama alivyopokea Jabir (R.A.), Mtume alitaka kujua jambo moja: je, inalevya? Hakuuliza rangi wala harufu. Asali na mtama! Ungedhani waulizaji walitoka huku kwetu, kwenye wanzuki na pombe ya mtama.

Wapo wanukuu nusu fiqhi, wasemao kwamba Imamu Abu Hanifa aliitenga khamri ya zabibu na vinywaji vingine. Mbona hawaongezi kwamba fatwa ya madhehebu hayo imesimama juu ya kauli ya mwanafunzi wake, Muhammad bin al-Hasan, kwamba kidogo chake ni kama kingi chake? Sisi Mashafii hatuna hata upenyo huo. Kutema nako hakumwokoi kijana wetu: kileo ni najisi kwa jamhuri ya wanazuoni, na miongoni mwa kumi waliolaaniwa kwa ajili ya khamri yumo mwenye kuibeba na mwenye kuinywesha.

Lakini tujisute na sisi. Mjane muuza wanzuki tunamsema mimbarini hadi watoto wake wanainamisha vichwa. Tukifika kwa mwenye duara, ambaye friji yake imejaa makopo hayo, sauti zinashuka, kwani mabati ya msikiti ameyatoa yeye. Wote wawili wamekosa. Kwa nini mmoja tu ndiye asikiaye hutuba?

Kijana yu tayari kuacha, ila mshahara ule ndio ada ya wadogo zake wawili. Hukumu nilimpa, kazi sikuwa nayo ya kumpa. Mwenye duka, gari au karasha anayehitaji mtu mwaminifu ajuaye hesabu, amwone imamu baada ya swala ya Ijumaa.