Somo Lifuate Mvua

Kila mwaka waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam kuelekea nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, wakilenga kumbukumbu ya kifo chake, 14 Oktoba. Njiani hupita shuleni, huzungumza na wanafunzi, hupanda miti. Safari ndefu yenye ujumbe si jambo geni kwetu: Oktoba 1967 Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha.

Toleo hili linahusu elimu ya mazingira shuleni, nasi tunaiunga mkono misafara ya namna hii. Mtoto wa darasa la tano humsikiliza kwa makini zaidi mtu mzima aliyeshuka kwenye baiskeli akichuruzika jasho, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, kuliko mgeni aliyeletwa na gari lenye kiyoyozi. Tatizo letu ni kalenda.

Dodoma na Singida, mikoa iliyo njiani, zina msimu mmoja wa mvua, nao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mche unaopandwa huko mwanzoni mwa Oktoba unaingia kwenye udongo mkavu, jua kali, na mbuzi waliokwisha kumaliza majani wanatafuta chochote cha kijani. Mzigo wa kuunusuru humwangukia mwanafunzi: ndoo kichwani kabla ya paredi, tena ya maji ambayo kwao huhesabiwa kwa madumu. Mche ukikauka, atakuwa amejifunza kwamba miti hupandwa ili wageni wapige picha.

Lipo somo linalofaa kiangazi hichohicho. Dodoma wanaliita kisiki hai. Mti uliokatwa, mizizi ingali hai, huchipua tena. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogolea mengine, hufunga kitambaa kuwa alama kwa wachungaji na wakata kuni, kisha huyalinda. Somo hili halihitaji ndoo. Shinyanga nako, mradi wa HASHI ulioanza 1986 ulirejesha uoto kwa kutumia ngitili, maeneo ambayo Wasukuma tangu zamani huyafunga ili yawe akiba ya malisho ya kiangazi.

Basi msafara ukifika shuleni Oktoba, wanafunzi na wageni wazunguke eneo la shule wakitafuta visiki na kufunga vitambaa, na mzee wa kijiji awaeleze palikuwa na miti gani na ilikwendaje. Miche ibaki kitaluni, ambako ndoo moja hunywesha mingi, hadi mvua zinyeshe. Mwaka unaofuata, kabla ya hotuba yoyote, watoto wawaoneshe wageni miti yao. Itangazwe idadi ya iliyo hai. Ile ya iliyopandwa tumeshaisikia vya kutosha.