Mwasho Unaotoka Sahanini



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumepokea barua ya mama mmoja aliyewashwa kwa miaka mitatu viwikoni, magotini, makalioni na kichwani. Humtoka malengelenge madogo madogo, yaliyokusanyika mafungu, ambayo hupasuka kwa kukunwa kabla hayajaonekana vyema. Kwanza alidhaniwa kuwa na upele wa kuambukiza. Nyumba nzima ikapakwa dawa, matandiko yakachemshwa, na majirani wakawa wanampa mkono kwa shingo upande. Hatimaye daktari wa ngozi alimpa vidonge, na mwasho ukatulia kwa siku chache. Akaambiwa pia aache ngano. Vidonge anavimeza, ngano imemshinda. Anatuuliza: ikiwa vidonge vyamtuliza, kuna haja gani ya kuikataa chapati ya mavyaa wake?

Maradhi haya yalielezwa na daktari Louis Duhring wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1884. Ilipofika mwaka 1966, matabibu wa Uingereza walionyesha kuwa utumbo wa wagonjwa hawa nao umedhurika. Chanzo ni gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kwa aliyezaliwa na udhaifu huo, kinga ya mwili huipiga vita gluteni, ikaudhuru utumbo, kisha madhara yake yakadhihirika ngozini. Wengi wao hawaumwi tumbo hata kidogo. Wala maradhi haya hayaambukizi: si kwa mkono, si kwa nguo, si kwa kitanda.

Uthibitisho hupatikana kwa kupima damu na kipande kidogo cha ngozi kinachotolewa kando ya lengelenge. Anayeshuku maradhi haya asiache ngano kabla ya kupimwa, kwani vipimo vyaweza kumficha.

Sasa tuje kwenye vidonge. Dawa itumiwayo sana huitwa dapsoni, na ndiyo hiyo hiyo inayotibu ukoma. Asishtuke mtu akisikia hayo: dawa moja hutibu maradhi mengi, na mgonjwa huyu hana ukoma. Lakini dapsoni haifai kuazimwa wala kununuliwa kienyeji. Baadhi ya watu, na katika nchi za malaria kama pwani yetu si wachache, wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mwenye upungufu huo akimeza dapsoni, damu yake huweza kuharibika kwa haraka. Kwa hivyo hupimwa kabla ya kuanza, na damu huangaliwa mara kwa mara baadaye. Akiona midomo imegeuka rangi ya samawati, pumzi inakatika, mkojo umekuwa mweusi, au ana homa na koo linauma, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye mimba au anyonyeshaye amweleze daktari mapema.

Jawabu la swali la mama yetu ni hili: vidonge huinyamazisha ngozi, lakini haviuponyi utumbo. Akiviacha huku angali akila ngano, mwasho hurudi kwa siku chache. Utumbo uliodhurika huleta upungufu wa damu na udhaifu wa mifupa, na kwa wachache hata saratani. Kinachotibu asili ya jambo ni chakula. Nacho chataka subira: yaweza kupita miezi mingi, hata miaka miwili, kabla daktari hajapunguza vidonge kidogo kidogo.

Hapa ndipo nyumba nzima inapohitajika. Meza zetu zimejaa ngano: mahamri, chapati, sambusa, tambi, kaimati na visheti. Lakini bibi zetu walituachia vingi visivyo na ngano: wali, vitumbua na mkate wa kumimina wa mchele, muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi mbichi, ugali wa mahindi au mtama, na samaki wa kupaka. Tuangalie tu kuwa unga haukusagwa katika kinu kilichosaga ngano, kwamba uji wa mchanganyiko hauna ngano ndani, na kwamba mafuta yaliyokaanga sambusa hayakaangi viazi vyake. Awe na kikaango chake.

Hata talbina ya shayiri, tunayompikia mgonjwa kwa mapenzi, kwake ina madhara. Asione kuwa ameidharau Sunna. Mwili ni amana, na kuacha kinachoudhuru ni kuitunza amana hiyo.

Nanyi akina mavyaa na mawifi, mkaza mwana akisema "nimeshiba" mbele ya sahani ya mahamri, msimwapize wala msimwone ana maringo. Tonge moja mliyomlazimisha kwa ukarimu yaweza kumkesha usiku akijikuna. Ramadhani ikija, wekeni kwenye futari sahani moja ya vitumbua iliyotengwa, naye ale pamoja nanyi bila ya kujieleza. Watoto na ndugu zake wa damu nao wapimwe, kwa kuwa udhaifu huu hurithiwa.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, na awape subira wanaowapikia. Amin.