Niliitwa Yaya Karavia

Siku ya tatu baada ya kuhamia Karavia, mtoto wa jirani aliniona nikihangaika na ndoo mbili za maji. Akanipokea moja na kuniita "yaya". Mimi, binti wa Tabora niliyevuka mpaka kuja Lubumbashi kusoma, nikamsahihisha papo hapo: "Mimi si yaya, ni mwanafunzi." Akaweka ndoo chini, akaenda zake kimya.

Jioni mama yake alibisha hodi kuuliza mwanawe amenikosea nini. Ndipo nilipoelewa. Kwetu yaya ni mtumishi anayelea watoto wa watu. Lubumbashi yaya ni dada au kaka mkubwa. Mtoto alikuwa amenipa heshima, nami nikadhani nimetukanwa.

Haikuishia hapo. Baba mmoja wa jirani alinitambulisha kwa "bibi yangu". Nikainamisha kichwa, "Shikamoo bibi," kisha nikainua macho na kumkuta mwanamke wa rika langu. Bibi hapa ni mke. Walicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilijisemea: hawa watu hawajui Kiswahili.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili kitivoni. Wageni wengi wanaijua Karavia kwa hoteli yake kubwa kando ya ziwa. Mimi nilikutana na vumbi jekundu, vichuguu virefu kuliko mtu, na watoto wanaozungumza Kiswahili tangu alfajiri. Nami nilikuwa na daftari, na juu ya ukurasa nilikuwa nimeandika "Makosa". Batoto badala ya watoto. Mutu badala ya mtu. Niko nakula badala ya ninakula. Ku masomo badala ya shuleni. Bukari badala ya ugali.

Ukurasa ulipojaa nikaona jambo ambalo mwanafunzi wa isimu alipaswa kuliona mapema. Makosa hayo hayakuyumba. Aliyesema batoto alisema pia banacheza. Aliyetaka kuonyesha udogo alisema katoto. Kosa linalofuata kanuni, likarudiwa na mji mzima, ni kosa la nani? Tena bibi yangu, yule wa Tabora mzaa baba, akizungumza Kinyamwezi huwaita watoto bana. Ile ba- niliyoipigia mstari mwekundu ilikuwa kwetu kabla haijawa Karavia.

Historia nayo inanisuta. Msiri, aliyetawala Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, asili yake ilikuwa Unyamwezi. Baadaye, mji huu ulipoanzishwa mwaka 1910, migodi ya shaba ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Watu hao wa lugha nyingi walielewana kwa Kiswahili, wakakijenga kwa mahitaji yao. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji wao, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Mimi nimemaliza shahada ya kwanza ya Kiswahili bila kuisikia ikitajwa darasani.

Kiswahili sanifu tunachokitumia kama rula kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kukisimamia ilihudumia Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo haikuwemo. Tunawahukumu watu kwa mkataba ambao hawakualikwa kuutia saini.

Najua jibu la baadhi ya walimu wangu: bila usanifu hakuna vitabu, hakuna mitihani, hakuna tafsiri inayoaminika. Ni kweli, na makala hii yenyewe nimeiandika kwa Kiswahili sanifu. Lakini kuwa na lugha ya mtihani hakutupi ruhusa ya kuita lugha ya jirani "mbovu", neno nililolisikia mara nyingi kwenye korido zetu, na mara nyingine kutoka kinywani mwangu. Tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanafunzi wake watakuja kukaa kwenye madawati yetu. Tutawapokea kwa daftari la makosa?

Napendekeza mambo mawili tu. Kozi ya lahaja isiishie pwani. Ifike Lubumbashi, Bukavu na Kisangani. Na andiko la Yav lisomwe darasani kama tunavyosoma tenzi.

Yule mtoto ilimchukua wiki mbili kunisogelea tena. Juzi alisimama mlangoni akaniita "yaya". Niliitika.