Mbwa kali? Huyo ni mwoga tu

Tembea mtaa wowote Nairobi, iwe Umoja ama Kasarani, uhesabu mageti yaliyoandikwa "Mbwa Kali". Sasa niambie ukweli, ni wangapi kati ya hao mbwa waliwahi kufunzwa chochote? Wengi wamefungiwa kibandani tangu siku walipouzwa kando ya barabara. Wanafunguliwa usiku, wanarudishwa alfajiri. Maisha yao ni mabati, ugali wa jana na sauti ya soja. Halafu siku moja geti linaachwa wazi, mtoto wa jirani anapita akikimbiza mpira, na mtaa mzima unashangaa.

Mimi sishangai. Na wewe uliyeposti kilebu mpya wiki jana (kilebu ni mtoto wa mbwa, kama uliacha hilo neno darasa la tano), haya ni yako.

Tumerithi imani kwamba mbwa akizoea watu atazoea pia wezi. Utaambiwa umfiche, asiguswe, na kuna wanaomtilia pilipili kwa chakula ati awe mkali. Unachopata ni mbwa anayeogopa mwavuli, helmeti ya bodaboda, hata mzee mwenye mkongojo. Mbwa mwoga huuma haraka kwa sababu hajui kutofautisha mwizi na fundi wa stima. Hakulindi wewe, anajilinda yeye.

Muuzaji hakukuambia kitu kimoja: muda ni mfupi. Kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 14, kilebu akikutana na kitu bila kuumia, anakichukulia kuwa cha kawaida. Baadaye bado anaweza kufunzika, lakini utatoka jasho. Ukimchukua akiwa na wiki 8 (kabla ya hapo mwache kwa mamake), umebakisha wiki kama 6. Hiyo mipango ya "nitamfunza akikua" achana nayo.

Najua nikitaja darasa la mbwa unaona mambo ya Karen na Runda. Mimi niliacha chuo na silali macho nikikiwaza, kwa hivyo usinione kama mtu wa kupenda madarasa. Lakini hili halina maajabu: vilebu kadhaa wanacheza pamoja, wanashikwa na watu tofauti, wanasikia kelele tofauti, kisha amri chache kama keti, njoo na ngoja. Anayefunzwa hasa ni mwenye mbwa.

Kama pesa ya mkufunzi haipo, fanyia ploti. Kabla chanjo zake zikamilike usimweke chini mahali mbwa wengine hupita, maana ugonjwa wa pavo huua vilebu. Mbebe. Simama naye mbali kidogo na steji, dakika 10, aone matatu. Mwombe mama mboga ampe kipande cha chapati. Mshike masikio, kucha na mdomo kila siku, daktari wa mifugo atakushukuru. Akiogopa, usimlazimishe, rudi nyuma kidogo.

Amri nazo ni dakika 5 hivi, na omena chache mfukoni. Akiketi, mpe papo hapo. Ukichelewa hajui unamlipia nini. Na Kizungu si lazima. Shida ni wewe kusema "keti", buda yako "sit" na watoto "kaa chini". Atawaangalia tu.

Kiboko weka mbali. Ukimchapa kwa kunguruma, anajifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma bila onyo.

Si mambo ya mzaha haya. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili za kichaa zikianza, karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo kufikia 2030, kwa hivyo mdunge kilebu wako chanjo ya kichaa akifika miezi 3. Na akiuma mtu, hakuna atakayemtafutia mkufunzi. Atatiliwa sumu, kisha utanunua mwingine umfungie kibanda kilekile.

Huyo wako ana wiki ngapi? Kama ni 9, leo jioni mbebe hadi kwa mama mboga. Usisahau omena.