Mtandao ukikatwa, uongo haukatwi

Kuna neno moja ambalo wakubwa hupenda kulisema kila mara mambo yanapochafuka nchini: intaneti imekatwa kwa ajili ya usalama wa raia. Raia mwenyewe hakuulizwa. Anaamka asubuhi, anawasha simu, rezo hakuna, na mtoto wake yuko upande wa pili wa mapigano. Huo ndio usalama aliopewa.

Neno hilo si kweli, na wakaaji wa Kivu wamelilipia bei kubwa.

Kwanza raia wajue ni kitu gani kinachokatwa. Intaneti ilianzia Marekani. Tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka wa 1969, kompyuta ya chuo kikuu kimoja cha Los Angeles ilituma ujumbe kwa kompyuta nyingine kwenye kituo cha utafiti cha Stanford. Zilifika herufi mbili tu, mashine ikakwama. Lakini wazo lilikuwa zuri: ujumbe ugawanywe vipande vidogo, kila kipande kitafute njia yake, na njia moja ikifungwa, kipite nyingine. Ni kama wakaaji wanaokimbia vita: barabara ya Sake ikifungwa, watu wanapita ziwani.

Nchini Kongo milango ya kutokea ni michache. Kebo ya baharini iitwayo WACS inaingia Muanda, kando ya Atlantiki, na ilizinduliwa mwaka wa 2013. Kivu iko mbali sana na Muanda, ndiyo maana inategemea pia njia za nchi jirani. Na makampuni ya simu yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo kitu kilichotengenezwa ili kisifungike kwa urahisi, hapa kinafungwa kwa barua moja tu kutoka ofisini.

Na barua hizo zimeandikwa mara nyingi. Mwezi wa 12 mwaka wa 2011, baada ya uchaguzi, SMS zilifungwa zaidi ya wiki tatu. Kiziwi, ambaye SMS ndiyo sauti yake, alinyamazishwa kabisa. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2015, wakati wa maandamano kuhusu sheria ya uchaguzi, intaneti na SMS zikafungwa tena. Mwezi wa 12 mwaka wa 2016, muhula wa Rais Kabila ulipofika mwisho, mitandao ya kijamii ikafungwa. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2018, siku moja baada ya kupiga kura, nchi nzima ikabaki bila intaneti karibu siku 20.

Sababu iliyotolewa mwaka huo ilikuwa kuzuia matokeo ya uongo yasisambae. Sasa jiulize: je, uongo ulikoma? Wakati huo Beni na Butembo zilikuwa katikati ya Ebola, ugonjwa uliotangazwa mwezi wa 8 mwaka wa 2018 na ambao ulikuja kuua zaidi ya watu 2,200. Kura ya wakaaji wa huko ilikuwa imeahirishwa, sababu ikitajwa kuwa ni ugonjwa na usalama. Sokoni watu walikuwa wanasema Ebola ni biashara, Ebola ni siasa. Uongo wa namna hiyo hauhitaji mega. Unapanda pikipiki, unaingia kilabuni, unakaa msibani. Kinachohitaji rezo ni jibu la muganga, ni picha inayoonyesha ukweli, ni swali la muandishi wa habari. Ukikata mtandao, unamfunga mdomo anayesahihisha, unamuacha anayedanganya.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, unaonekana ukiinua macho. Kituo cha Goma kinachochunguza volkano kilipoteza pesa za Benki ya Dunia mwaka wa 2020. Kwa miezi mingi hakikuwa hata na pesa za kulipia intaneti inayoleta habari kutoka kwenye vyombo vilivyowekwa mlimani. Intaneti ilirudi mwezi wa 4 mwaka wa 2021. Tarehe 22 mwezi wa 5, Nyiragongo ikalipuka. Watu wasiopungua 30 walikufa, nyumba kwa maelfu zikateketea. Hakuna anayeweza kuapa kwamba mlima ungetoa dalili mapema; wataalamu wenyewe walisema ulilipuka karibu bila dalili. Lakini kuwaacha walinzi wa mlima vipofu kwa miezi, kisha kuwaambia wakaaji kwamba intaneti ni starehe ya vijana wa TikTok, hiyo ni aibu.

Tarehe 27 ya mwezi huohuo, gavana wa kijeshi akaamuru kartie 10 za Goma kati ya 18 zihame. Watu wakakimbilia Sake, Rwanda na Bukavu. Watoto wengi walitengana na wazazi. Wazazi walikuwa na njia mbili za kuwatafuta: miguu na simu.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, vita vilipoingia Goma, maji, umeme na intaneti vilikatika pamoja. Baadaye kambi za Bulengo na Lushagala zikaondolewa, watu wakatawanyika. Benki zikafunga milango. Mama aliyehama mara tatu, kitambulisho kimepotea na blanketi limebaki njiani, pesa anayotumiwa na ndugu inapitia simu. Rezo ikianguka, mwenye kabini hana cha kumpa, na sufuria inabaki baridi. Nani atamwambia huyo kwamba intaneti ni starehe?

Kuna wanaojibu kwamba mitandao imejaa chuki, kwamba sauti za WhatsApp zinachochea makabila. Ni kweli, na asiyekubali hilo hajasikiliza sauti hizo. Lakini mwizi akiingia mtaani, barabara haichimbuliwi. Anatafutwa mwizi. Anayechochea mauaji ana jina na ana namba. Sheria za kumshitaki zipo. Kuwaadhibu mamilioni ili kutomkamata mmoja ni uvivu wa kazi, au ni kisingizio cha kuficha jambo lingine.

Tena mkono unaokata ndio unaotoza. Tangu mwezi wa 9 mwaka wa 2020, wenye simu walikatwa yunite zao kwa ajili ya kodi iitwayo RAM, mpaka kelele za raia zilipoiondoa mwaka wa 2022. Serkali zinabadilika, tabia inabaki: simu ya raia ni nzuri wakati wa kulipa, ni hatari wakati wa kuuliza.

Lakini RAM inafundisha jambo: raia wakipiga kelele pamoja, kitu kinaondoka. Basi kelele nyingine iko mbele. Katiba, kwenye kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Yeyote anayeshika madaraka, wa leo au wa kesho, wa Kinshasa au wa hapa, asiguse mtandao bila uamuzi wa tribunali, sababu iliyoandikwa na tarehe ya mwisho. Makampuni ya simu yawatangazie wateja wao ni nani aliyeamuru. Na mashirika yanayosaidia waliohama yahesabu simu na mahali pa kuchajishia pamoja na maji na unga, na yawasaidie waliopoteza laini kurudishiwa namba zao.

Redio zitaendelea kusoma majina ya wanaotafutwa. Lakini redio inasema, haisikii. Mama aliyeko porini anahitaji njia ya kujibu: "Niko hapa, niko mzima." Anayekata njia hiyo asiseme anamlinda.