Kilomita 38,000 na siti imechunika: muuzaji si lazima awe mwongo

Leo nataka tuzungumze kuhusu yale maneno tunayoyabandika kwenye kila posti ya gari: "kilomita chache sana". Mimi nauza vitu vya ndani ya gari, yaani kava za siti, kava za stereng, mazulia, vitambaa vya dashibodi. Mara moja moja natangaza gari za watu kwa kamisheni. Kwa hiyo nimeona ndani za gari nyingi kuliko injini, na maoni yangu ni kwamba maneno yale yanatuharibia soko, khasa kwa gari za spoti.

Tizama inavyokwenda. Mtu anaposti Celica, au Altezza, au RX-8. Kilomita 38,000, picha ya nje inang'aa. Mteja anatoka Fuoni mpaka mjini, anafungua mlango, anakuta siti ya dereva imechunika ubavuni, ngozi ya stereng inabanduka, vitufe vya redio vinanata kwenye kidole. Papo hapo anasema: "Kaka, hii umerudisha kilomita." Kuna kijana mmoja Mwanakwerekwe gari yake imekaa miezi minne haiuziki, kwa sababu mteja mmoja aliandika "tapeli" kwenye komenti. Karatasi zake zote nimeziona, ziko sawa. Gari ile kweli haijatembea. Lakini nani atamsikiliza, wakati yeye mwenyewe kwenye posti aliweka kilomita tu na picha ya rimu?

Kilomita ni habari ya injini na gia. Ndani ya gari kuna mahesabu mengine kabisa: mtu kaingia na kutoka mara ngapi, na gari imekaa juani saa ngapi.

Chukua maisha yetu ya Unguja. Kisiwa kizima urefu wake ni kama kilomita 85. Mjini mpaka uwanja wa ndege hufiki kilomita kumi. Mtu anatoka Mombasa (ya kwetu hapa, msinielewe vibaya), anamshusha mtoto skuli, anapita Darajani, anakwenda kazini, mchana anarudi kula, jioni anakwenda Forodhani. Kilomita 20, kakaa na kuinuka mara sita au saba. Kwa mwezi ni kilomita 600 na kuingia na kutoka kama mara 180. Anayetoka Dar kwenda Arusha anazimaliza kilomita 600 kwa siku moja, na kashuka labda mara nne. Siti ipi itachoka mwanzo? Ya kwetu. Na mita itasema wako sawa.

Sasa kwa gari ya spoti jambo hili linazidi. Siti yake iko chini sana, na pembeni ina ukuta ulionyanyuka ili ukikata kona usiteleze. Huwezi kukaa bila kuupitia ukuta ule. Watu wengi wanajiangusha: makalio yanatua juu ya ukuta kisha yanateleza ndani. Kutoka hivyo hivyo, uzito wote unaegemea pale. Sisi dereva anakaa kulia, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye ubavu wa kulia wa siti ya dereva, ndiko kunakochunika. Ukiwa na suruali ya jinzi yenye vibati mfukoni ndiyo kabisa. Afadhali mwenye kanzu.

Na ile tunayoita ngozi, kinachobanduka mara nyingi ni rangi iliyopakwa juu yake. Ngozi ya gari inapakwa rangi na tabaka la kuilinda, likisuguliwa mwisho linaisha na unaona weupe chini. Nyingine si ngozi kabisa, ni plastiki. Gari za bei zinatumia Alcantara, kitambaa kilichobuniwa Japani na kampuni ya Toray mwaka 1970, laini kama manyoya. Kizuri, lakini jasho na mafuta ya mkono yanakilaza, kinakuwa kama mkeka uliokanyagwa. Kwa joto letu sisi nani hatoki jasho mkononi?

Tuje kwenye jua, maana hapa ndipo wauzaji wengi hawaelewi. Mwaka 2018 watafiti wa Arizona State University kule Marekani walipima gari zilizoegeshwa juani siku za joto kali. Baada ya saa moja tu dashibodi ilifika kama nyuzi 69, stereng 53, siti 51. Zile za kivulini dashibodi ilikuwa kama 48. Arizona ni jangwa, kuna joto kuliko hapa, lakini na sisi kipindi cha kaskazi jua la saa nane si mchezo. Tena Arizona hakuna unyevu wetu na hakuna chumvi ya bahari. Gari ya spoti kioo chake cha mbele kimelala sana, kwa hiyo jua linapiga dashibodi kwa upana, na ndani karibu zote ni nyeusi.

Halafu fikiria Mji Mkongwe. Gari haiingii vichochoroni. Mwenye nyumba Hurumzi hana geraji, anaegesha anapopata, Malindi, Forodhani, popote, na huko kivuli ni bahati. Gari yenye kilomita chache maana yake ni gari iliyokaa sana, na ya kwetu imekaa juani, vioo vimefungwa. Inapikwa. Masika ikifika inalowa unyevu, haifunguliwi, ukungu unaota kwenye mikanda na chini ya mazulia. Sponji ya siti na ya dari inageuka unga, gundi inaachia, kitambaa cha dari kinashuka mpaka kinagusa kichwa. Hakuna kilomita hata moja iliyohusika hapo.

Vitufe vinavyonata navyo watu wanadhani ni uchafu wa soda. Sio. Gari nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilipakwa ndani rangi laini kama mpira ili mkono usikie raha. Rangi ile ikipigwa joto na unyevu miaka mingi inavunjika na kuwa kama gundi. Hata Ferrari zinajulikana kwa ugonjwa huo, na Ferrari nyingi zinalala kwenye geraji zilizofunikwa. Sembuse Altezza ya Kiembesamaki.

Gari za kukodisha kwa wageni ni habari nyingine tena: nguo mbichi za kuogelea, mafuta ya kujikinga na jua, mchanga wa Paje. Ule mchanga ni laini lakini ni kama msasa. Ukiambiwa gari ilikuwa ya kukodisha, usiangalie mita, nyanyua zulia.

Kurudisha kilomita kupo, sikatai. Ila kuna namna ya kutofautisha. Jua linakula juu: dashibodi, juu ya mlango, kichwa cha siti ya nyuma. Kuingia na kutoka kunakula ubavu wa siti. Lakini kukaa muda mrefu barabarani kunakula katikati ya siti, kunalainisha raba ya pedali mpaka mistari inapotea, kunachoma zulia pale kisigino kinapokaa. Kwa hiyo ubavu umechunika lakini katikati ya siti bado pagumu na pedali ina mistari yake, hiyo kilomita chache mimi naiamini. Katikati pamezama na pedali inateleza kama sabuni, hapo uliza maswali. Pedali mpya kabisa kwenye gari ya 2002, uliza zaidi.

Na gari zetu nyingi zinatoka Japani. Ikiwa ilipita mnadani ina karatasi yake, na pale kuna namba ya hali ya gari kwa jumla, kama 4 au 3.5, na kuna herufi ya ndani peke yake, A, B, C, D. Gari kuwa na kilomita 40,000 na ndani C ni jambo la kawaida. Karatasi ile ikiwepo iposti nzima, usikate ile herufi.

Jambo linaloniudhi ni lile la kumwaga mafuta ya kung'arisha dashibodi kabla ya picha. Linang'aa saa ile, mteja akija akigusa vidole vinateleza, na vumbi limeshaganda. Au kuvisha kava mpya na kumkataza mteja asifunue. Mimi nauza kava, nafaidika mkivisha, lakini visheni baada ya kupiga picha ya siti ilivyo. Na kile kikinga jua cha kioo cha mbele wekeni kila siku gari inapokaa inasubiri mteja. Najipigia debe, sawa, lakini hata kipande cha boksi la kadibodi kinafanya kazi.

Kijana wa Mwanakwerekwe nimemuandikia posti upya jana, naiweka hapa mkitaka muige: "Altezza, kilomita 38,000, karatasi ya mnada ipo, ndani C. Ubavu wa siti ya dereva umechunika, picha ya 3. Vitufe viwili vinanata, picha ya 4. Katikati ya siti na pedali, picha ya 5 na 6. Imekaa juani miaka, haijatembea. Bei imeshapunguzwa gharama ya fundi wa siti." Mpaka asubuhi hii watu watatu wameuliza iko wapi waje kuiona.