Picha Iliyonaswa Nyumbani Ni ya Nani?

Msomaji na aifikirie nyumba ya mama mmoja huko Nyakarenzo, wilayani Rusizi. Mwanawe amemaliza mafunzo ya uofisa katika chuo cha kijeshi cha Gako, na sherehe ya kuvishwa vyeo inaonyeshwa na televisheni ya taifa. Safari ya kwenda Bugesera ni ndefu na nauli haikupatikana. Basi mama anawaita majirani, anabonyeza kitufe chekundu cha king'amuzi, na sherehe nzima inanaswa katika diski iliyochomekwa nyuma. Katika gwaride lile kijana anaonekana kwa muda wa kuhesabu mpaka nne. Baadaye anapelekwa nje ya nchi pamoja na kikosi cha kulinda amani, na nyumbani kila mgeni aingiapo, gwaride hurudishwa nyuma na kidole kikaelekezwa kwenye kioo: "Yule pale, wa tatu."

Kisha radi inapiga, jambo ambalo si geni katika milima ya magharibi ya Rwanda. King'amuzi kinaungua, diski inasalimika. Fundi anaichomeka kwenye kompyuta: inazunguka vizuri, inaonyesha kwamba imejaa, lakini picha haitoki. Kinaletwa king'amuzi kipya cha kampuni ile ile, tena kwa kadi ile ile ya malipo, nacho hakiifungui.

"Mwanangu, diski hii si niliinunua kwa fedha zangu?"

"Diski ni yako, mama," fundi anajibu. "Kilichomo ndani ndicho chenye mwenyewe."

Jibu hilo ni gumu kumeza, lakini mitambo yenyewe ndivyo ilivyoundwa. Matangazo ya kulipia hufika nyumbani yakiwa yamefumbwa, na kadi humpa king'amuzi ruhusa ya kuyafumbua ili yatazamwe. Yanaponaswa, ving'amuzi vingi vya namna hiyo huyafumba tena kabla ya kuyaandika katika diski, kwa ufunguo uliofichwa ndani ya king'amuzi chenyewe. Ufunguo ukiungua, maandishi hubaki bila msomaji. Wala haisaidii kutoa picha kwa waya wa HDMI na kuipeleka kwenye chombo kingine cha kunasia, kwani waya huo nao hubeba kinga iitwayo HDCP: televisheni na king'amuzi huulizana kwanza, na chombo kisichotambulika hunyimwa picha. Katika huduma nyingine, mwezi usipolipiwa hata vilivyonaswa zamani havifunguki.

Waliokuwa na mikanda ya video watashangaa, maana mkanda ulionaswa Kamembe ulichezwa Bukavu bila kuombwa hati. Hata hivyo mkanda nao ulikuwa na kesi yake. Mwaka 1976 makampuni ya filamu ya Universal na Disney yaliishtaki Sony huko Marekani kwa sababu ya mashine yake ya Betamax, yakidai kwamba anayenasa kipindi nyumbani ni mwizi na muuza mashine ni mshirika wake. Katika kesi hiyo alitoa ushahidi Fred Rogers, mtangazaji wa kipindi mashuhuri cha watoto, akasema haoni ubaya wazazi kunasa kipindi chake ili wakitazame na watoto wao saa inayowafaa. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua tarehe 17 Januari 1984, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba kunasa nyumbani ili kutazama baadaye si kosa.

Walioshindwa mahakamani waligeukia mafundi. Katika miaka ya 1980 ikaja kinga ya Macrovision, iliyovuruga kipimo cha mwanga ndani ya mashine ya kunasia, hata nakala ikawa inang'aa na kufifia kama taa yenye mafuta machache. Mwaka 1996, mjini Geneva, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliyataka mataifa yaliojiunga yawe na sheria dhidi ya kuvunja kufuli za namna hiyo. Kenya, kwa mfano, iliandika katazo hilo katika sheria yake ya mwaka 2001.

Wenye kufuli wana sababu. Filamu iliyogharimu fedha nyingi huuzwa ndani ya flashi kwa bei ya ndizi, na aliyeitunga hapati kitu. Vibanda vya agasobanuye, ambamo msimulizi hufasiri filamu za kigeni kwa Kinyarwanda, vimewaburudisha watu wengi, lakini ni wachache walioulizana haki ya filamu ni ya nani. Msanii anastahili ujira wake. Ila gwaride la Gako halikutengenezwa ili liuzwe. Lilirushwa na kituo cha umma, kwa wananchi wote. Kufuli haijui tofauti hiyo, kwa kuwa hufunga kila kinachopita katika king'amuzi, liwe pambano la mpira la Ulaya au mtoto wa mtu akipiga saluti.

Wengine walilikataa jambo hilo mapema. Nchini Marekani tume ya mawasiliano iliamuru mwaka 2003 kwamba hata matangazo ya bure yawekewe alama ya kuzuia nakala. Mahakama ikaifuta amri hiyo Mei 2005, kabla haijaanza kutumika. Japani iliruhusu nakala moja tu tangu mwaka 2004, watazamaji wakalalamika, na Julai 2008 zikaruhusiwa 10. Rwanda ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2014, watu waliuliza bei ya king'amuzi na idadi ya vituo. Swali la nani atakuwa na ufunguo wa vilivyonaswa halikuwa katika midomo ya wanunuzi, na hawalaumiki.

Familia za askari na polisi, ambazo huhama kambi kwa amri ya siku chache, yafaa zimuulize muuzaji swali hilo kabla ya kulipa: je, kilichonaswa humu kitachezwa katika chombo kingine? Tena asikubaliwe kwa maneno. Inaswe dakika moja, diski ichomolewe, ijaribiwe pale pale dukani kwenye kompyuta. Vipo ving'amuzi vya vituo vya bure vinavyoandika faili ya wazi. Na kwa sherehe ya mtoto, hata simu iliyoshikwa mbele ya kioo, pamoja na kelele za majirani, hutoa picha ambayo ni ya nyumba hiyo.

Mama wa Nyakarenzo bado ana njia moja au mbili. Sherehe nyingi za taifa huwekwa na shirika la utangazaji katika YouTube, na kijana wa fundi anaweza kumtafutia. Kwa sasa asiguse kitufe. King'amuzi kipya, kila diski ile inapochomekwa, huuliza kama ifutwe ili iweze kutumika.